Pima Ulalo Kabla ya Kuchimba Shimo la Kahawa

Mvua zinapokaribia, wakulima wengi wa kahawa na matoke kuanzia Masaka hadi Luwero, nchini Uganda, hutafuta miche kwanza, halafu shamba hupimwa mbiombio. Kamba inavutwa pande 4, kila ubavu unaonekana una urefu uleule, basi shamba linaitwa mraba na majembe yanaanza kazi. Pande 4 zilizo sawa hazitoshi. Pembe zikilala kidogo tu, pande zinabaki na urefu wake lakini ardhi iliyo ndani inapungua, na macho hayawezi kuiona tofauti hiyo, hasa shamba likiwa na magugu.

Tuchukue ekari moja. Ina mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo ikiwa mraba kamili kila ubavu una mita 63.6. Sasa pima kutoka kona moja hadi kona inayoikabili, kwa kukatiza katikati ya shamba. Huo ndio ulalo, na unapaswa kuwa mita 90. Tuseme ulalo mmoja umetoa mita 70 na wa pili 106, ingawa pande zote ni 63.6. Zidisha 70 kwa 106, kisha gawa kwa 2: unapata mita za mraba 3,710. Zaidi ya mita za mraba 330 hazipo. Kwa kahawa aina ya robusta inayopandwa mita 3 kwa 3, kila mche huchukua mita za mraba 9, kwa hiyo umepoteza nafasi ya miche zaidi ya 35. Na kama ardhi hiyo umeinunua kwa bei ya ekari nzima, umelipia udongo ambao hukupewa. Ndiyo maana namsihi kila anayenunua kipande cha ardhi asikubali kuonyeshwa pande peke yake. Aombe kupima ulalo wote 2, muuzaji akiwepo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ulalo huugawa mraba katika pembetatu 2 zenye pembe ya nyuzi 90, na kwa kanuni ya Pythagoras, ubavu mara ubavu ukijumlisha na ubavu mara ubavu hutoa ulalo mara ulalo. Kwa mkulima maana yake ni hii: zidisha ubavu kwa 1.414, umepata ulalo. Ukiwa na ulalo na unatafuta ubavu, zidisha kwa 0.707. Ukitaka eneo moja kwa moja, zidisha ulalo kwa ulalo na ugawe kwa 2: 90 mara 90 ni 8,100, nusu yake 4,050, yaani ekari. Kwa makadirio ya miguu, kila hatua 5 za ubavu zina hatua 7 za ulalo. Kipimo hicho kinafaa kukagua tu. Usikitumie kupigia vigingi, kwa sababu kwenye ubavu wa mita 30 kinakosea zaidi ya sentimita 40.

Kuna jambo moja ambalo huwasumbua hata watu waliosoma. Mwenye nusu ekari ya mraba, ubavu mita 45, akitaka kupanua hadi ekari moja, hufikiri ataongeza ubavu mara 2. Akifanya hivyo anapata ekari 2, si moja. Ubavu wa ekari moja ni ule ulalo wa nusu ekari: mita 63.6. Vivyo hivyo, ulalo wa robo ekari ni mita 45, ambao ni ubavu wa nusu ekari. Kila mraba unaojengwa juu ya ulalo wa mraba mwingine huwa na eneo mara 2. Ukilishika hili, huhitaji kikokotoo shambani.

Katika kupiga vigingi, sipendekezi kuanza na ekari nzima, kwa kuwa kamba ya mita 90 hulegea na kukudanganya. Gawa shamba katika vipande vya mita 30 kwa 30. Piga kigingi cha kwanza, pima mita 30, piga cha pili. Mtu mmoja ashike kamba ya mita 42.43 kwenye kigingi cha kwanza, mwingine ashike ya mita 30 kwenye cha pili. Wa tatu azivute zote mpaka zikaze: zinapokutana ndipo kona ya tatu. Kona ya nne inapatikana kwa kubadilishana kamba. Mwisho pimeni kutoka kona ya tatu hadi ya nne. Ikiwa si mita 30, rudieni kabla jembe halijagusa udongo. Kamba iwe ya katani au waya mwembamba, maana ya nailoni huvutika.

Ndani ya kipande hicho, mche wa kwanza ukae mita 1.5 kutoka kila mpaka. Utapata mistari 10 ya miche 10, yaani 100. Kagua vimraba vichache vya katikati: ulalo wa mita 3 kwa 3 ni mita 4.24. Halafu simama kwenye kona utazame kimshazari. Miche ikijipanga mstari mmoja hadi kona ya mbali, kazi imekaa sawa.

Ulalo unasaidia pia anayechanganya kahawa na matoke. Mgomba ukipandwa katikati ya kimraba cha kahawa, umbali wake kutoka kila mche ni nusu ya ulalo, mita 2.12. Mgomba kwenye kila kimraba ni msongamano, nami siushauri. Ruka kimraba kimoja kila upande, migomba ikae mita 6 kwa 6, ambayo ni kama 112 kwa ekari.

Haya yote ni ya ardhi tambarare. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon au Kigezi, mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko ikibaki kwenye kimo kilekile, ili maji yasichukue udongo, hata kama mraba hautaonekana. Na popote penye mteremko, shika kamba ikiwa imelala sawa hewani, ukipima vipande vifupi vifupi, usiilaze juu ya ardhi.