Glavu peke yake hazikulindi: kwa unayeanza kazi ya kutunza wazee ughaibuni

Katika nyumba nyingi za kutunzia wazee utakuta maboksi ya glavu karibu kila ukutani, na ni rahisi kuzivaa asubuhi ukazunguka nazo kitanda hadi kitanda ukidhani umejikinga. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine. Glavu uliyomsafishia mzee haja kubwa, kisha ukashikia kitasa na kikombe cha jirani yake, inasambaza ugonjwa kama mkono mchafu. Tofauti ni kwamba mkono mchafu ungekukera ukaenda kunawa.

Glavu ni za mtu mmoja, kazi moja. Hata kwa mzee huyohuyo: ukimaliza kumbadilisha nepi na sasa unataka kushika mpira wa mkojo au kidonda, vua, safisha mikono, vaa nyingine. Mikono husafishwa kila unapovua, kwa sababu glavu huweza kuwa na vitundu usivyoviona, na kuvua kwenyewe kunachafua.

Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mtu, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kufunga kidonda, baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hii ya mwisho husahaulika sana. Umeingia tu kusogeza meza, ukatoka. Kitakasa mikono cha spiriti kisuguliwe sekunde 20 hadi 30. Ila mzee akiharisha au kutapika, tumia maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Spora (mbegu ngumu) za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha, hazifi kwa spiriti, na norovirusi, virusi vya kutapika na kuharisha, nayo huistahimili.

Kuvaa glavu, gauni na barakoa si kazi. Kazi ni kuvua, tena umechoka, kengele ya chumba kingine inalia. Utaratibu hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma bango la hapo ulipo, lakini kwa kawaida glavu hutangulia na barakoa humalizia. Gauni livue ukilikunja ndani nje, upande mchafu ufichike. Barakoa ishike kwa kamba, usiguse mbele, wala usiishushe kidevuni ili uongee. Ukipewa ile ya kubana, N95 au FFP2, dai upimwe kama inakukaa. Ndevu chini ya ukingo wake hupitisha hewa.

Wazee wenye ugonjwa wa kusahau hutishwa na uso uliofunikwa. Simama anapokuona, taja jina lako, mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa.

Ukitapika au kuharisha, toa taarifa na ukae nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Najua kwa wengi wetu siku usiyofanya kazi hailipwi, na inauma. Lakini tumbo linalokusumbua wewe siku mbili linaweza kumlaza hospitali mzee wa miaka 90.