Namna ya kuzuia maneno ya kubuni yasigongane kwenye sirizi ya sayansi bunifu

Kama unaandika sirizi ya sayansi bunifu, au umepewa kazi ya kupitia skripti za wenzako, hii ishu utakutana nayo mapema tu, msimu haujafika hata nusu: injini iliyokuwa na jina hili episodi ya pili inaitwa jina lingine episodi ya sita, na silaha iliyokuwa inapoozesha mtu tu leo inayeyusha ukuta. Mi napitia skripti za aina hii na njia ninayoitumia ndo hii. Ila nitangulize jambo moja, migongano haina uzito sawa, na wengi wanakesha na tahajia wakati shimo lenyewe liko kwenye kanuni.

Hatua ya 1: Okota maneno yote

Fungua spredishiti, pitia skripti zote, kila neno mlilolibuni lipe mstari wake. Mashine, sayari, vyeo, vipimo, dawa, matusi, vyote. Safu zangu ni hizi: neno na tahajia yake, linatamkwaje, nani kalisema na kwenye episodi ipi, hicho kitu kinafanya nini, na HAKIWEZI kufanya nini. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote alafu ndo kila mtu anaiacha tupu. Usiandike maana ya kikamusi, sijui "chombo cha kisasa kinachotumia nishati", haikusaidii kitu, andika sheria: hakipenyi ngao, kinataka dakika kumi kupoa, bila funguo mbili hakiwaki.

Na usiishie kwenye karatasi. Waigizaji wanabadilisha maneno kamera ikiwa inazunguka, mhariri anakata sentensi iliyokuwa inaelezea kila kitu, kwahiyo kinachohesabika ni kile kilichorushwa hewani. Kaa usikilize episodi iliyokamilika huku orodha iko mbele yako.

Hatua ya 2: Tenganisha migongano kwa aina yake

Hapa ndo penye kazi, usiharakishe.

Kuna kitu kimoja chenye majina mawili. Star Trek ya 1966, sirizi ya Marekani ya chombo kinachozunguka anga, mwanzoni imejaa hizi: watu wa kabila la Spock, mhusika wa sayari nyingine, waliitwa Vulcanian kabla ya kutulia kwenye Vulcan, fuwele za injini zilikuwa za lithiamu kabla hazijawa dilithiamu, kwenye episodi ya kwanza ya majaribio, The Cage, walibeba silaha za leza, zile zinazoitwa faseri zikaja baadaye, na kwenye ya pili ya majaribio jiwe la kaburi la nahodha limeandikwa James R. Kirk wakati kila mtu anamjua James T. Zinachekesha, na mashabiki hawatakuacha upumue, lakini hakuna hadithi iliyoanguka hapo maana mtazamaji anajua kinachozungumziwa ni kile kile.

Jina moja lenye vitu viwili, hapo inaanza kuuma. Angalia kwadranti. Kwenye sirizi ya kwanza ilitajwa ovyo ovyo, kama eneo lolote la anga, baadaye kwenye zama za The Next Generation, sirizi ya Star Trek iliyofuata, ikawa robo nzima ya galaksi, yaani Alpha, Beta, Gamma na Delta. Na maana hiyo ya pili ikaja kubeba sirizi nzima nzima: chombo cha Voyager, kwenye sirizi ya Star Trek yenye jina hilo, kinatupwa Delta na safari ya kurudi inakadiriwa miaka 75. Sasa mtu aliyeizoea maana hiyo arudi kwenye episodi za zamani asikie kwadranti inatajwa kama mtaa wa jirani, umbali wote unavurugika kichwani.

Alafu kuna namba, na hapa mfano wangu ni kasi ya wopu, yaani mwendo wa kupita mwanga kwenye Star Trek. Miaka ya 60 mwongozo wa waandishi ulikuwa na hesabu rahisi tu, chukua namba izidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu, kwahiyo wopu 2 ni mara 8 ya kasi ya mwanga, wopu 6 mara 216, wopu 9 mara 729. Ilipokuja The Next Generation mwaka 1987 Michael Okuda, mbunifu wa michoro ya sirizi hiyo, akachora mizani mpya ambayo wopu 10 ni kasi isiyo na mwisho, haifikiki, na wopu 9 ile ile ikawa kama mara 1,516. Sawa, lakini chombo cha Kirk kilishawahi kufika wopu 14.1. Na mwaka 1994, kwenye episodi ya mwisho ya The Next Generation yenyewe, wakionyesha wakati ujao, wanataja wopu 13. Miaka miwili mbele Voyager wakatoa episodi nzima, Threshold, ya jamaa anayevunja mwiko na kufika wopu 10. Mashabiki wana majibu, wanakwambia mizani ilichorwa upya tena, na inawezekana kabisa, ila ukishahitaji mashabiki wakutetee ujue daftari lako lilikuwa na pengo.

Ya mwisho ni kanuni iliyosahaulika, na hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu ukitafuta neno kwa kompyuta hutaiona, neno halijabadilika hata herufi. Mwaka 1993 The Next Generation ilirusha Force of Nature, wanagundua injini za wopu zinaharibu anga lenyewe, inawekwa amri ya kutovuka wopu 5 bila ruhusa. Wazo zito sana! Kisha likatajwa mara chache, ruhusa imetolewa, twende, na baada ya hapo likafifia. Hii ndo sababu ya ile safu ya "hakiwezi".

Hatua ya 3: Pima kama hadithi imeliegemea hilo neno

Litoe neno, weka "kile kidude", usome tena tukio. Halijabadilika? Basi rekebisha tahajia uendelee na maisha. Ila kama wahusika wanapona KWA SABABU ya hicho kidude, simamisha kila kitu, kwa sababu mtazamaji lazima awe alishajua kinaweza nini kabla hakijawaokoa. Waandishi wa The Next Generation walikuwa na tabia ya kuandika "tech" tu kwenye dayalogi, washauri wa sayansi wanakuja kujaza baadaye. Kwa mhandisi anayenung'unika huku anakaza nati haina shida. Kwa jibu la tatizo la episodi, mi sikubali.

Hatua ya 4: Chagua tiba

Mara nyingi tiba nzuri ni kuchagua jina moja na kunyamaza. Kwenye Doctor Who, sirizi ya Uingereza, mwaka 1966 Daktari, mhusika mkuu, alipobadilika mwili kwa mara ya kwanza neno "regeneration" halikuwepo, alisema amefanywa upya tu, neno likaja 1974 likashika moja kwa moja. Ungeandika tukio la kuelezea kwanini zamani waliita vingine ungewachosha watu bure.

Maelezo ndani ya hadithi yaweke akiba kwa namba na kanuni tu, na yawe sentensi moja, na aseme mtu mwenye sababu ya kusema.

Hatua ya 5: Vipimo vya muda, ogopa

Ushauri wangu ni usibuni saa. Battlestar Galactica ya 1978 walibuni, kuna sentoni, kuna mikroni, na sentoni hiyo mara ni kama dakika mara ni muda mrefu zaidi, kwahiyo mtu akipiga kelele "tuna sentoni mbili!" hujui uogope kiasi gani. Toleo jipya la miaka ya 2000 likarudi kwenye saa na dakika za kawaida, likabakiza tusi lao, nalo wakalibadilisha kutoka "frack" kuwa "frak" ili liwe na herufi nne kama matusi ya Kiingereza. Kama lazima ubuni, andika fomula. Tarehe za nyota (stardate), yaani namba za tarehe walizobuni kwenye Star Trek ya kwanza, hazikuwa na mpangilio wowote wa kueleweka, lakini The Next Generation ilianza na 41 elfu na kila msimu ukaongeza elfu moja, hata mwandishi mgeni angeweza kupiga hesabu.

Hatua ya 6: Daftari liwe na mlinzi

Babylon 5, sirizi ya miaka ya 90, ina episodi 110 na J. Michael Straczynski, aliyeibuni, aliandika 92 kati ya hizo, kumbukumbu yote iko kwenye kichwa kimoja. Nyie mko chumba kizima, kwahiyo teueni mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kubadilisha orodha, wengine wanasoma na kuomba. Neno jipya halipiti bila ile safu ya "hakiwezi" kujazwa. Orodha ifungwe kabla ya kusoma skripti mezani, iwe na tarehe juu, na nakala hiyo hiyo iende kwa waigizaji, kwa wanaochora skrini za ndani ya chombo, na kwa wanaoandika manukuu, hawa wa manukuu ndo huwa wanasahaulika alafu tahajia zao ndo watu wanazipiga picha.