Paa la sakafu: mteremko kwanza, dawa baadaye

Paa la nyumba yangu ya Jang'ombe, mjini Zanzibar, ni la sakafu, yaani zege lililolala bapa, na nililimwaga Agosti 1997. Nikalipiga nili, ule uji wa saruji wa kulainishia, kwa mkono wangu, likanyooka kama meza, na nilikuwa nikipanda juu jioni kulitazama tu. Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Nino. Kufika Januari kitanda cha watoto kimeshahama pembe tatu, sufuria zimepangwa chumbani, na sebuleni maji yanatona kwenye shimo la taa. Mimi ni mwashi, kuta za watu nilizosimamisha ni nyingi, lakini paa la sakafu nilikuwa sijalifahamu. Nimelifahamu kwa kulivunja. Haya ninayaandika kwa mwenye nyumba anayetaka kujenga paa la namna hii, au anayelo tayari na limeanza kumnyima usingizi.

Kosa langu lilikuwa ule unyoofu niliojivunia. Paa la sakafu halitakiwi kunyooka. Jicho la mtu wa chini lilione limelala, lakini maji yalione lina mlima na bonde.

Wazee wa Mji Mkongwe walilijua hilo. Neno lenyewe sakafu limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Walipanga boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto, wakaipiga kwa vipande vya mti siku nyingi huku wakiimba, mpaka ikashikana. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, havifiki mita 3 kwa upana. Pembeni waliacha milizamu ya kutemea maji mbali na ukuta. Hata hivyo mvua za kwetu ni nzito, na mapaa mengi ya aina ile baadaye yalifunikwa mabati.

Mzee aliyenifundisha kazi ya chokaa alikuwa na birika. Kabla ya kulipokea paa, alipanda nalo, akachuchumaa mahali palipo juu kabisa, akamimina taratibu, maji membamba kama uzi. Kisha akakaa kimya. Uzi ule ulienda, ukasita, ukazunguka kijiwe, ukaendelea hadi kwenye mlizamu. Ukisimama njiani, alichora duara kwa mkaa pale uliposimama, akashuka bila kusema neno. Sisi tulijua kwamba duara lile ni kazi ya kesho. Mpaka leo sijapata kipimo kinachoshinda birika.

Kabla hujajenga

Jiulize kwanza unalitakia nini. Kama unataka kuongeza ghorofa baadaye, au kuanika nguo na dagaa, au kulala juu wakati wa joto, basi paa la zege lina maana. Kama unataka tu nyumba ionekane ya kisasa, bila paa kuonekana kutoka barabarani, watu wengi sasa wanainua ukuta wa ukingo na kuficha mabati nyuma yake. Hilo ni paa jingine kabisa. Bati la mawimbi ya kawaida linataka mteremko wa kama nyuzi 10 na zaidi, na mfereji unaofichwa ndani ya ukingo ndio unaooza na kuziba kwanza. Ukiuchagua, ufanye mpana kiasi cha mtu kuweka mguu na kuusafisha. Nimeona mifereji ambayo hata mkono hauingii.

Kwa zege, mambo ya nondo na unene mwachie mhandisi, na umlipe. Mimi nitasema habari za maji. Mteremko ninaoupenda ni sentimita 2 kwa kila mita. Ukibanwa sana, usishuke chini ya sentimita 1 na robo. Na mteremko huo utengenezwe kwenye mbao na mirunda kabla zege halijamwagwa. Hapo unakuja bure. Ukiuacha uje kutengenezwa na lipu la juu, utaulipia kwa saruji na kwa uzito. Lipu la sentimita 5 lina kilo zaidi ya 100 kwa kila mita mraba, na mzigo huo paa litaubeba maisha yake yote.

Sasa hesabu maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Nyumba ya mita 10 kwa 9, ikinyeshewa milimita 50, inapokea lita 4,500, yaani tani nne na nusu. Masika hilo si jambo la ajabu. Kwa hiyo weka matundu mawili ya kutolea maji, ya inchi 4, hata kama fundi anakuambia moja latosha. Moja likizibwa na jani au mpira wa watoto, paa lote linageuka bwawa. Juu kidogo ya matundu hayo toboa ukingo uweke mlizamu wa dharura, mahali ambapo ukitema maji utayaona ukiwa uani. Huo ndio utakaokuambia kwamba matundu ya chini yameziba.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi vinakula nondo polepole. Nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inalisukuma zege, na siku moja kipande kinaanguka kutoka darini. Nunua mchanga wa shimo uliosafi, tumia maji unayoweza kuyanywa, na hakikisha nondo zimewekewa biskuti za zege chini ili zisilale kwenye mbao. Nyumba iliyo karibu na bahari nataka nondo ifunikwe kwa sentimita 4.

Na limwagilie. Zege jipya likiachwa juani siku ya pili linapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo ndizo mlango. Zungushia kingo za mchanga, lijaze maji, au tandika magunia yaliyolowa, siku 7 zisipungue. Mimi hufanya 14.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja. Liweke juu ya ukuta au nguzo, lisiwe katikati ya chumba, na liinuliwe juu ya vitako ili uweze kufagia chini yake.

Kulitunza

Kazi yenyewe ni nyepesi, shida ni kuikumbuka. Panda mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Beba mfagio, ndoo na kipande cha chaki. Toa majani ya mwarobaini, toa vijiti na nyaya walizoleta kunguru, ingiza mkono kwenye kila tundu. Ukiona mche umeota kwenye ufa, hata uwe na majani mawili tu, ung'oe na mizizi yake. Mizizi ya miti ya jamii ya mtini inapenya mahali ambapo sindano haipiti.

Kisha panda tena baada ya mvua kubwa. Maji yaliyobaki juu saa 48 baada ya mvua kukatika, yazungushie chaki. Mwaka ujao utajua kama dimbwi limekua.

Kuna mtu mmoja lazima umchunge, fundi wa dishi. Anakuja na mashine, anatoboa matundu manne kwenye paa ulilolilipia, anafunga boliti na kuondoka. Mwambie dishi lifungwe kwenye ubavu wa ukingo, au juu ya kitofali kizito. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi zinazovuja ambazo ugonjwa wake ulikuwa boliti nne za dishi.

Mwenye nyumba ya chokaa Mji Mkongwe, nakuomba usiiguse kwa saruji. Chokaa inapitisha unyevu, inaloa na kukauka. Saruji inauziba. Maji yakishaingia kwa ufa mmoja hayapati pa kutokea, yanakaa juu ya boriti, na boriti inaoza kimya kimya kwenye kichwa chake kilichomo ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Nyumba aliyozaliwa bibi yangu ilitengenezwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa. Tulipofungua, kichwa cha boriti kilichukulika kwa kijiko. Chokaa huzibwa kwa chokaa.

Linapovuja

Usipande juu na ndoo ya dawa ya kuzuia maji au ya saruji. Nilifanya hivyo miaka sita. Kila kiangazi nilipiga tabaka jipya la saruji na nili, na kila masika likapasuka, kwa sababu maji yalikuwa yanalala palepale na jua linalipika palepale. Nilipolivunja mwaka 2004 nilikuta tabaka juu ya tabaka, sentimita 9 kwa pamoja. Karibu kilo 200 kwa kila mita mraba nilikuwa nimezibebesha vichwa vya wanangu bila kujua.

Anza chini. Weka alama pale panapotona, pima umbali wake kutoka kuta mbili, kisha panda ukapime vilevile juu. Usitegemee ufa uwe palepale. Maji hufuata bomba la nyaya za umeme, ndiyo maana hupenda kutokea kwenye taa. Tazama kwanza maungio ya ukingo na sakafu, halafu mdomo wa matundu, halafu mahali palipotobolewa. Katikati ya paa itazame mwisho.

Ukiona nondo zimejitokeza chini, au paa limebonyea, acha kila kitu na umwite mhandisi. Hapo si suala la kuvuja tena.

Kama zege ni zima, vunja tabaka zote za zamani hadi ulikute lenyewe, na uchafu uushushe siku hiyohiyo, usiurundike katikati. Nyufa zipanue kwa tindo, zisafishe, uzijaze. Halafu piga lipu jipya la mteremko, saruji moja kwa mchanga nne, ukianzia matundu na kupanda. Vuta kamba, na ukimaliza tumia birika. Pale sakafu inapokutana na ukingo usiache pembe kali. Ijaze kwa lipu la mshazari, sentimita 5 kwa 5, kwa sababu mkeka wowote utakaoubandika utakatika ukikunjwa kwenye pembe.

Juu ya hapo mimi naamini mkeka wa lami unaobandikwa kwa moto wa gesi, ule wa milimita 4 unaouzwa kwa maroli ya mita 1 kwa 10. Rangi za kuzuia maji zinafaa kwa paa lenye afya, ila zinataka kurudiwa kila baada ya miaka michache. Mkeka uliobandikwa vizuri nautegemea miaka 15. Lakini lipu liwe limekauka kweli. Usiku bandika karatasi ya plastiki ya mita 1, uizibe kingo kwa gundi. Asubuhi ukikuta umande ndani, subiri. Ukibandika juu ya unyevu, jua litauvukiza na mkeka utavimba mapovu.

Pakaa lami nyepesi ya kushikishia, iache ikauke. Anza mahali palipo chini kabisa, ili roli la juu lilale juu ya la chini kama vigae. Ubavuni yalaliane sentimita 10, mwishoni 15. Fundi anapochoma, tazama mshono. Lami iliyoyeyuka itoke kidogo kama ulimi kwenye ukingo wa mkeka. Isipotoka, mshono haujashika. Mkeka upande ukingoni sentimita 15 na kichwa chake kiingie kwenye mfuo uliochongwa ukutani, kisha kizibwe. Malizia kwa rangi nyeupe au ya fedha. Jua letu linaua lami kuliko mvua.

Pesa ya mwisho usiitoe bado. Ziba matundu kwa matambara, jaza maji sentimita 3 hadi 5, chora mstari kwenye ukingo pale maji yalipofika. Pembeni weka sufuria yenye maji ya kina hichohicho, nayo uitie alama. Jua litakunywa kote kuwili sawasawa. Baada ya saa 24 linganisha, na uingie chumbani utazame dari, hasa kwenye taa. Maji ya paa yakiwa yameshuka kuliko ya sufuria, muite fundi aje aone kwa macho yake. Yakiwa sawa, chomoa matambara.

Kwangu nilichomoa asubuhi baada ya sala ya alfajiri, mke wangu amesimama uani na ndoo chini ya mlizamu. Sufuria na paa zilikuwa zimepungua unene wa kucha, zote mbili. Maji yale tulifulia.