Namna ya Kusoma Maoni ya Wanunuzi Kabla ya Kununua Viatu vya Wabunifu Mashuhuri

Anayenunua viatu vya mbunifu mashuhuri hulipia ngozi bora, kazi ya mikono, umbo lililobuniwa kwa makini na jina lililopigwa chapa ndani ya kiatu, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomhakikishia kwamba kiatu kitamkaa vizuri. Hilo hulijua mguu wenyewe, na kabla ya mguu wako kupata nafasi, hulijua miguu ya waliotangulia kununua. Maoni yao basi yasomwe kwa utaratibu, wala usihesabu tu waliosifu na waliolaumu.

Anza na kipimo chako, kwa kuwa maoni ya mtu mwingine hayakufai ikiwa huna cha kulinganisha nayo. Simama juu ya karatasi wakati wa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uchore miguu yote miwili, kisha upime urefu na sehemu iliyo pana zaidi, na ushike vipimo vya mguu mkubwa. Namba za Ulaya hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7, ilhali za Uingereza hupishana kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Nusu namba ya Ulaya basi ni kama milimita 3.3 tu, lakini kwenye kiatu cha mchuchumio milimita hizo ndizo zinazoamua kama utatembea kwa uhakika au kisigino kitachomoka kila hatua. Isitoshe, kila kampuni ina foroma zake za kuundia viatu, tena zaidi ya moja, hivyo namba 38 yenye ncha iliyochongoka inaweza kubana pale ambapo 38 ya mviringo, ya kampuni hiyohiyo, inapwaya.

Kwa sababu hiyo, tafuta maoni kuhusu toleo lenyewe unalolitaka. Anayesifu kiatu bapa cha mbunifu Mfaransa Christian Louboutin hajakuambia lolote kuhusu So Kate, toleo lake la mchuchumio ambalo kisigino chake kina urefu wa milimita 120. Mpe uzito mnunuzi anayetaja namba anayovaa kila siku, namba aliyochukua, upana wa mguu wake na saa alizosimama navyo. Na uangalie aliandika lini. Niliwahi kununua viatu vyeusi vya ngozi ya kung'aa kwa kuwa vilisifiwa na wengi, bila kutambua kwamba karibu wote waliandika siku ileile walipofungua boksi. Nilipovivaa kwa saa mbili za kwanza, ukingo wa ngozi ulinichubua juu ya kidole kidogo hadi nikatoka malengelenge, na muuzaji akakataa kuvipokea kwa sababu soli zilikuwa zimekwaruzika. Tangu hapo huyatafuta kwanza maoni yaliyoandikwa baada ya miezi kadhaa.

Kisha tenganisha kasoro na tabia ya kiatu. Soli nyekundu ya Louboutin, ambayo mwaka 2012 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliikubali kuwa alama ya biashara pale sehemu ya juu ya kiatu inapokuwa na rangi tofauti, huanza kuchubuka rangi mara inapogusa lami. Soli ya ngozi huteleza ikiwa mpya. Na kifuniko cha ncha ya kisigino chembamba hulika upesi, ndiyo maana fundi hukibadilisha. Malalamiko ya aina hiyo yakuandae tu. Yanayopaswa kukuzuia ni mshono unaofumuka, soli inayoachia au kisigino kinachocheza, hasa yakirudiwa na wanunuzi wasiojuana.

Ukinunua kwa muuzaji asiye wakala rasmi, omba picha mpya za soli, za mishono ya ndani na za namba iliyopigwa chapa. Akisitasita kuzipiga, achana naye.

Viatu vikishafika, soma masharti ya kurudisha kabla ya kutoa hata karatasi ya ndani. Vijaribu jioni, juu ya zulia safi, kwa nusu saa nzima, ukitembea, ukisimama na kupanda ngazi zenye zulia kama zipo. Ngozi hulegea kidogo kwa upana, lakini urefu hauongezeki, kwa hiyo vidole vinavyogota mbele leo vitagota hata mwakani, na hapo hupaswi kujishawishi: virudishe. Baada ya kuvivaa mara nne au tano, nawe andika ukitaja toleo, urefu wa kisigino, namba uliyochukua, upana wa mguu wako na mahali hasa vilipobana.