Mtoto Asiporudi kwa Sindano ya Miezi Tisa, Anza kwa Kumsikiliza Mama

Mama Zawadi, nitamwita hivyo ingawa si jina lake, alitembea zaidi ya saa mbili kutoka ng'ambo ya mto, mtoto mgongoni, mpaka kwenye zahanati niliyokuwa nikifanyia kazi katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga. Ilikuwa Jumanne, na mtoto alikuwa ametimiza miezi tisa juzi yake. Nikampima uzito, nikajaza kadi, kisha nikamwambia mama yale tuliyokuwa tukiwaambia wote: "Surua ni Alhamisi, mama. Uje Alhamisi."

Hakuja Alhamisi, wala mwezi uliofuata. Kwenye rejesta nikaandika "mtoro". Niliandika neno hilo kwa mkono wangu, na ni mimi niliyemrudisha nyumbani mtoto aliyekuwa amekwisha kufika mbele ya sindano.

Ninayoyaandika hapa ni kwa nesi mwenzangu, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa yeyote ambaye kila mwisho wa mwezi anahesabu watoto waliokatisha chanjo asijue aanzie wapi. Kuna watafiti ambao kazi yao ni kuchunguza namna watu wanavyoamua, na kinachomzuia mtu asifanye jambo analolitaka. Kazi yao imenisaidia kuliko vipaza sauti vyote nilivyowahi kupanda navyo kwenye gari.

Tazama kwanza wanapotelea wapi

Fungua rejesta kabla ya kufungua mdomo. Chukua watoto waliopata penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano) ya kwanza katika wiki ya 6, kisha waliofika penta ya tatu katika wiki ya 14. Tuseme walianza 40 na wakafika 34: sita wamepotea, sawa na asilimia 15. Ikizidi asilimia 10, jua kuna jambo. Halafu endelea mpaka surua-rubela ya miezi 9, na ile ya pili ya miezi 18.

Kila pengo lina kisa chake. Mtoto asiyefika hata mara moja mara nyingi amezaliwa nyumbani, na mama anaogopa atakavyopokelewa. Anayepotea kati ya penta ya kwanza na ya pili, mwulize mama kuhusu usiku ule baada ya sindano, kwa sababu mara nyingi mtoto alichemka na hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba homa inaweza kuja. Anayekosa miezi 18, bibi yake amesema kadi ilishafungwa miezi tisa, maana enzi zake ndivyo ilivyokuwa. Ukiwapa wote hawa hotuba moja, utakuwa umesema na mmoja wao tu, au hakuna.

Nenda ukamsikilize, na usimuulize "kwa nini"

"Kwa nini hukuja?" ni swali la hakimu. Mama atakupa jibu la kujitetea: alisahau, alisafiri, mtoto aliumwa. Nilijifunza kusema, "Nisimulie siku ile, tangu ulipoamka."

Kwa Mama Zawadi nilikwenda na mhudumu wa jamii, bila sare. Tulimkuta anapukuchua mahindi na mama mkwe wake. "Shikamoo, nesi." "Marahaba, mwanangu." Nikachukua gunzi, nikapukuchua nao kwanza, kisha nikaomba anisimulie ile Jumanne. Aliondoka alfajiri. Mtoto mkubwa alimwacha kwa jirani. Nauli ya kurudi kwa bodaboda aliiomba kwa mumewe, akapewa siku hiyo tu. "Na Alhamisi ndiyo gulio, nesi. Nisipouza mihogo Alhamisi, wiki nzima tutakula nini?" Kisha, akiwa ameinamia ungo, akasema kadi ililowa walipovuka mto, maandishi yakafutika. "Niliogopa mtanisema mbele ya watu."

Nikamuuliza anaionaje chanjo yenyewe. Akaacha kupukuchua. "Surua naijua. Ilimchukua mdogo wangu."

Sasa fikiria ningekwenda pale kumweleza hatari ya surua.

Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuyapanga majibu ya wazazi katika mafungu manne: anachowaza na kuhisi kuhusu chanjo, watu waliomzunguka wanasema nini, nia yake mwenyewe, na mambo ya kivitendo kama siku, nauli, foleni na maneno ya nesi. Chora safu nne kwenye daftari. Ongea na mama kumi, na kila kikwazo ukitie kwenye safu yake. Mtafute na bibi, na baba mwenye kutoa nauli, kwa kuwa mara nyingi uamuzi uko kwao. Kwetu safu iliyojaa haraka ilikuwa ya nne, na mengi yaliyokuwemo tuliyaweka sisi wenyewe.

Kile kichupa cha surua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipomkosea Mama Zawadi.

Chanjo ya surua-rubela tuliyokuwa tukiitumia inakuja kama unga mkavu kwenye kichupa cha dozi 10. Ukiuchanganya na maji yake, una saa 6 tu, kinachobaki kinatupwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ni hivyo hivyo. Nesi anayeulizwa kila mwezi dozi zimekwenda wapi anajifunza kukilinda kichupa. Anasubiri watoto wafike sita, saba. Ndiyo maana "siku ya surua" ikazaliwa, na mama anarudishwa nyumbani ili dawa isipotee.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi: fungua kichupa hata kama mtoto ni mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa zinaagizwa upya. Mtoto aliyerudishwa huenda usimwone tena, na surua huenea upesi kiasi kwamba inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga ndipo isipate pa kushika. Kwa hiyo kabla ya kubuni kampeni yoyote, kaa na mganga mfawidhi na mratibu wa chanjo wa wilaya, mkubaliane kwa maandishi kwamba upotevu wa dozi kwa sababu hii hautakuwa kosa la nesi. Bila hilo, nesi wa zamu ataendelea kusema "njoo Alhamisi", na mimi sitamlaumu.

Ulimi wetu

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha walichokiona baada ya kurekodi mazungumzo ya madaktari wa watoto na wazazi eneo la Seattle. Daktari alipoanza kwa kuuliza mzazi anataka kufanya nini kuhusu chanjo, asilimia 83 ya wazazi walipinga. Alipoanza kwa kutaja chanjo za siku hiyo kama jambo la kawaida, waliopinga walikuwa asilimia 26. Huo ulikuwa uchunguzi tu, lakini mwaka 2017 jaribio la kliniki 30 za North Carolina kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, lilielekea huko huko: watoa huduma waliofundishwa kutangaza kwa ufupi walichanja zaidi, na waliofundishwa mazungumzo marefu hawakuona mabadiliko.

Kwetu, kwa mtoto wa wiki 6, inasikika hivi: "Leo mtoto anapata matone ya polio, matone ya kuzuia kuhara, na sindano mbili, moja kila paja. Usiku anaweza kuchemka kidogo na paja likavimba. Siku mbili litakuwa limetulia. Akizidi, mlete saa yoyote. Una swali, mama?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Mama wa kijijini hamkatizi nesi, kwa hiyo usipompa nafasi, swali lake atalipeleka kwa jirani.

Akiwa na hofu, uliza amesikia nini, umsikilize hadi mwisho, halafu umweleze unachokijua. Usianze kwa kuurudia uvumi ili uukanushe. Mwaka 2014 Brendan Nyhan na wenzake walijaribu jumbe mbalimbali za kuitetea chanjo ya surua kwa wazazi wa Marekani. Hakuna hata mmoja ulioongeza nia ya kuchanja, na ule wa kukanusha uvumi uliipunguza nia ya wale waliokuwa na mashaka zaidi, ingawa waliacha kuuamini uvumi wenyewe. Jambo hilo nililiona mwaka 2022, tulipopita nyumba kwa nyumba na matone ya polio baada ya kirusi kupatikana Malawi. Kwenye nyumba tulizoanza na "msiwasikilize wanaosema...", ndipo wengine waliposikia uvumi huo kwa mara ya kwanza, kutoka kwetu.

Neno jingine kuhusu maumivu, maana mtoto anapolia sana ni mama anayeumia. Mwache anyonye wakati wa kuchomwa, au amkumbatie wima. Toa kwanza matone ya rota, yale ya kuzuia kuhara, ni matamu. Sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Hayo hayana gharama yoyote.

Kukumbusha, na mpaka wa kukumbusha

Watu wengi siku hizi wanakimbilia ujumbe wa simu. Tazama utafiti wa vijiji 152 vya Siaya, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2017. Vijiji vingine havikupewa kitu, vingine mama walitumiwa ujumbe wa kukumbusha, vingine ujumbe pamoja na shilingi 75 za Kenya kwa kila chanjo iliyopatikana kwa wakati, na vingine shilingi 200. Waliokamilisha chanjo kufikia miezi 12 walikuwa asilimia 82, 86, 86 na 90. Tofauti ambayo watafiti waliweza kuisimamia ni ile ya shilingi 200 peke yake.

Mimi nausoma hivi: ujumbe unamsaidia aliyesahau, na aliyekosa nauli anakumbuka vizuri sana. Tena uliza simu ni ya nani. Kwetu namba nyingi kwenye rejesta ni za baba aliye machimboni.

Kinachonisaidia zaidi ni kupanga safari na mama kabla hajatoka mlangoni. Mwaka 2011 Katherine Milkman na wenzake walionyesha kwamba wafanyakazi walioombwa kuandika tarehe na saa watakayokwenda kuchanjwa mafua walifika asilimia 37, na wasioombwa asilimia 33. Ni tofauti ndogo, lakini wino ni senti ngapi? Kwenye kadi usiandike tarehe tu. Mwambie mama aseme, wewe uandike: "Jumatatu baada ya gulio la pili, anakuja na bibi, mtoto mkubwa anabaki kwa jirani." Na kama palizi itakuwa imepamba moto, mtafute siku nyingine papo hapo.

Kutoa zawadi, na ahadi iliyo kubwa kuliko zawadi

Watu hupenda kuutaja utafiti wa Udaipur, jimbo la Rajasthan nchini India, wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, uliochapishwa mwaka 2010. Vijiji 134. Palipokuwa na huduma ya kawaida, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Palipokuwa na kambi ya chanjo kijijini kila mwezi bila kukosa, asilimia 18. Palipoongezwa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na sahani za chuma mwishoni, 39.

Wote wanakumbuka dengu. Mimi nakukumbusha hiyo 18: mara tatu, kwa kuwa nesi alifika siku aliyosema. Kama huwezi kutoa dengu miaka yote, usianze, kwa sababu dengu zitakapokwisha mama atahesabu amedhulumiwa. Ila huduma ya mkoba, ya kuwafuata watu walipo na kuwachanjia chini ya mwembe, unaiweza. Sisi tuliisogeza ikawa Alhamisi yenyewe, pembeni mwa gulio, na mvua ikinyesha tunakwenda hivyo hivyo.

Na habari nani ataieneza? Kule Haryana, India, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe: nani akisema jambo hapa, wote wanalipata? Waliotajwa ndio waliotumiwa ujumbe wa chanjo, na watoto waliochanjwa wakaongezeka. Nilipouliza swali hilo kwetu, hakuna aliyemtaja mwenyekiti. Walimtaja mama anayekaanga mihogo penye kituo cha bodaboda.

Sierra Leone walikwenda njia nyingine: katika vituo 120, Anne Karing alijaribu bangili za rangi, mtoto anabadilishiwa rangi kadiri anavyosonga mbele, ili majirani waone. Iliongeza waliokamilisha. Napenda wazo hilo, lakini angalia sana lisigeuke kidole cha kumnyoshea asiyekuwa nayo.

Badili kimoja, uhesabu

Usibadili yote mwezi mmoja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Chagua kikwazo kilichojaza safu yako, kibadili, ukipe miezi mitatu, kisha linganisha na miezi ile ile ya mwaka uliopita. Ukilinganisha masika na kiangazi utajidanganya. Bandika hesabu ukutani mama waione. Kadi iliyopotea au kulowa, andika mpya kimya kimya kutoka kwenye rejesta.

Zawadi alipata surua yake ya kwanza chini ya mwembe, Alhamisi, mama yake akiwa ameacha mihogo kwa mwenzake kwa dakika chache. Alipotimiza miezi 18 walirudi. Nyuma yao alikuwepo yule jirani anayeachiwa mtoto mkubwa, amebeba kichanga aliyezaliwa nyumbani, hana kadi. Alikuwa amesimama mbali kidogo na benchi. Nikamwita, "Karibu mwanangu, tumpime," nikafungua ukurasa mpya.