Njia panda na reli za Lubumbashi: amua kabla hujafika

Ajali ya njia panda huanza mbali, kama mita 50 kabla ya njia panda yenyewe. Ukitembea kilomita 50 kwa saa, motoka inameza mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaisha jicho likiona na mguu ukitafuta freni. Baada ya hapo freni zenyewe, hata zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, zinataka mita 14 nyingine. Jumla 28. Mvua za Novemba hadi Machi zikishalowesha lami, hiyo sehemu ya freni huweza kuongezeka mara mbili. Kwa kilomita 30 kwa saa, mita 13 au 14 zinatosha kwa yote. Basi ukifika mita 50, toa mguu kwenye gesi, uuweke juu ya freni bila kukanyaga, na acha motoka ishuke hadi 30 au chini yake.

Nani apite kwanza? Ishara ya polisi inashinda taa, taa inashinda kibao. Pasipo polisi, taa wala kibao, anayetokea kuume kwako ndiye mwenye haki. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ndiyo Kanuni ya Barabara yetu. Polisi akiinua mkono juu, wote wasimame. Akinyoosha mikono pembeni, wanaotazamana na kifua chake au mgongo wake wasimame. Umeme ukikatika, taa iliyozimika haimpi mtu ruhusa: tazama vibao vilivyo karibu nayo, na visipokuwepo, rudi kwenye haki ya kuume. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, inakutaka uwaachie wengine. Kibao cha pembe nane cha STOP kinataka magurudumu yasimame kabisa. Kupunguza mwendo tu hakutoshi, kwa maana jicho lililo kwenye mwendo linakosa pikipiki iliyojificha nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele cha motoka yako.

Hapa kwetu kuna jambo la kuangalia zaidi. Motoka nyingi bado zina usukani kuume, nasi tunatembea kuume kwa barabara. Shofere anakaa upande wa mtaro: kuume anaona vizuri, kushoto anaona kupitia kichwa cha abiria na ile nguzo ya kioo. Ukikata kushoto hatari ni kubwa, maana unakatiza njia ya wanaokuja mbele. Usigande nyuma ya taksi-basi iliyo mbele yako. Acha urefu wa motoka mbili ili uone pembeni yake. Ukisubiri katikati, weka magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiyakunja mapema na mtu akakugonga nyuma, atakusukuma moja kwa moja chini ya kamyo inayokuja. Na kabla ya kuondoka, sogeza kiwiliwili mbele na nyuma ili kilichofichwa na nguzo kijitokeze. Abiria anaweza kukusaidia kutazama, lakini neno lake «pita!» lisiwe ndiyo uamuzi wako.

Ukikata kuume, geuza kichwa uangalie bega lako la kuume kabla ya kukunja. Kioo hakitoshi, kwa kuwa manseba (madereva) wa pikipiki hupenya hapo kati yako na mtaro. Kamyo yenye remoki nayo ikikunja, magurudumu yake ya nyuma hukata kona kwa ndani. Usijipenyeze pembeni yake hata kama unaona nafasi.

Sheria moja inafaa njia panda na reli vilevile: usiingie kama upande wa pili hauna nafasi ya motoka yako nzima. Msongamano ukikukuta kwenye njia panda, unafunga njia. Ukikukuta juu ya reli, unakuua.

Treni ya mizigo yenye mabehewa mengi huhitaji mamia ya mita ili isimame, wakati mwingine zaidi ya kilomita, wala haiwezi kukwepa. Ukiona msalaba wa mbao mbili zilizopishana, zima muziki, teremsha vioo vya pande zote mbili, simama mita 5 kabla ya reli ya kwanza. Behewa hutokeza karibu mita 1 nje ya reli. Barie (kizuizi cha reli) ikiwa wazi, au mlinzi asipokuwepo, bado tazama mwenyewe. Treni ikipita, subiri mkia wake uende mbali ndipo uone kama njia ya pili ni tupu. Usiku jihadhari na mabehewa yanayosukumwa na injini ikiwa nyuma: yanakuja bila taa mbele na bila kelele nyingi.

Wa kamyo afanye hesabu hii. Kamyo ya mita 18 iliyosimama mita 5 kabla ya reli inatakiwa itembee kama mita 27 ndipo mkia uwe salama. Kwa kilomita 5 kwa saa hizo ni sekunde 19 au 20. Treni ya kilomita 40 kwa saa, kwa muda huohuo, imetembea zaidi ya mita 200. Kama kona au nyasi zinakuzuia kuona mita 300 kila upande, msaidizi ashuke, asimame mahali anapoona mbali, akuite. Vuka kwa vitesi (gia) ya kwanza, usibadilishe juu ya reli. Penye nyaya za treni ya umeme, volti 25,000, asikae mtu juu ya mzigo.

Pikipiki na kinga (baiskeli) zinazobeba makala (makaa) zivuke zikiikata reli moja kwa moja, kama msalaba. Gurudumu jembamba la kinga huzama kwenye nafasi iliyo kando ya chuma, na chuma chenye maji huteleza kama sabuni.

Motere ikizimika juu ya reli, shusha watu wote kwanza. Kama hakuna treni inayosikika, motoka nyingi za zamani za vitesi za mkono husogea kwa stata: weka ya kwanza, achia klachi, zungusha ufunguo. Ya otomatiki weka N, legeza freni ya mkono, sukumeni. Watu wawili wakimbie kando ya reli, mmoja kila upande, wakipunga kitambaa chekundu au tochi. Treni ikionekana, acheni kusukuma. Kimbieni mkiiacha reli, lakini mkielekea upande treni inakotokea, kwa maana vyuma vya motoka iliyogongwa hurushwa mbele ya treni. Mizigo ibaki humo ndani.