Kontroli boksi ikilalamikia volti ndogo, pima nyaya kabla ya kuibadilisha

Msimbo P0562 unaposomeka kwenye mashine ya kusomea misimbo, maana yake ni kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imeona umeme wa gari ukishuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Haimaanishi kwamba yenyewe imeharibika. Tupo mafundi, nami nikiwamo, ambao tumewahi kumnunulisha mteja kontroli boksi ya mtumba wakati ugonjwa ulikuwa boliti moja ya ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) iliyoota kutu.

Kwanza, soma moduli zote, yaani kompyuta ndogo za mifumo ya gari, na uandike kila msimbo kabla ya kufuta chochote. Ukikuta breki za ABS, usukani wa umeme na mifuko ya hewa zote zinalalamika, pamoja na misimbo ya herufi U inayohusu mawasiliano kukatika, usizifuate moja moja, bali tafuta kinachoziunganisha, ambacho mara nyingi ni umeme wenyewe.

Pili, betri. Washa taa kubwa kwa dakika moja hivi ili kuondoa chaji ya juujuu, zizime, kisha pima: betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Mwenzako apige stata huku ukitazama multimita. Isishuke chini ya 9.6. Gari likishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.7.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari hilohilo, utambue pini za umeme na za ethi za moduli husika, kisha pima kwa nyuma ya soketi ikiwa bado imechomekwa, injini ikiunguruma, taa na feni vimewashwa. Waya mweusi wa multimita uwe kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwekundu kwenye pini ya ethi: isizidi volti 0.1. Halafu weka mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye pini ya umeme, ikizidi 0.3, fuatilia fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na viungo vya njia hiyo.

Kwa nini nasisitiza soketi isichomolewe? Kwa sababu multimita haivuti mkondo wowote wa maana, hivyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonyesha volti kamili. Niliwahi kupima soketi iliyochomolewa ikasoma 12.5, lakini nilipofunga balbu ya taa kubwa ya wati 55, ambayo huvuta zaidi ya ampea 4, iliwaka kwa mwanga hafifu na volti zikaanguka hadi 7. Nilipochana ganda la waya chini ya trei ya betri, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa tindikali. Balbu hiyo itumike kwenye nyaya nene za umeme na ethi pekee, soketi ikiwa imechomolewa. Usiiunganishe kwenye nyaya za sensa wala za mifuko ya hewa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, siwezi kupima waya kwa omu (kipimo cha ukinzani) tu?
Unaweza, ila hautakuambia ukweli wote. Kipimo cha omu hutuma mkondo mdogo sana, na uzi mmoja unatosha kuupitisha, kwa hiyo utasoma karibu sifuri na kuuamini waya mbovu.

Fundi, altaneta yangu (jenereta inayochaji betri) inatoa 12.8 gari likitembea. Imekufa?
Si lazima, ndugu. Baadhi ya magari ya kisasa hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Washa taa kubwa na feni. Volti zikipanda, kompyuta inafanya kazi yake.

Gari langu likilala siku tatu betri inaisha, kisha misimbo inarudi. Nianzie wapi?
Anzia kwenye umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Funga ampea mita kwenye waya wa hasi, bana kitasa cha mlango ili gari lidhani umefungwa, kisha subiri moduli zilale, jambo linaloweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Mkondo ukibaki juu ya miliampea 50, pima milivolti kati ya ncha mbili za kila fyuzi, ili ujue ipi inapitisha mkondo, bila kuichomoa, kwa sababu ukiichomoa na kuirudisha utaziamsha moduli na itakubidi usubiri upya.